Digrii au diploma ya ufundi wa ndege: ipi inakufikisha kwenye kusaini?

BintiKorogwe

Wakubwa shikamooni, wenzangu habari zenu.

Nimemaliza kidato cha sita mchepuo wa PCM, nimepata daraja la pili pointi 11. Niko nyumbani Korogwe na maombi ya vyuo yanakaribia kufungwa, ndiyo maana nimekuja kwenu. Tangu nikiwa darasa la tano ni mimi ninayeshika tochi baba akifungua injini. Yeye ni fundi wa malori. Fuso au Scania ikimfia mtu njiani kati ya Segera na Mombo, baba ndiye anaitwa. Mimi nataka ndege. Sitaki urubani, nataka kuzifungua na kuzifunga.

Baba hakatai, ila anaona heri nisome uhandisi wa barabara na majengo, kwamba barabara hazikosekani. Mjomba wangu wa Tanga ndiye kaleta maneno: eti kuna kijana wa jirani yake ana cheti kizuri cha ufundi wa ndege na anauza simu Kariakoo, kwa sababu cheti chake hakimruhusu kusaini chochote. Tangu siku hiyo silali vizuri.

Naomba kujua, kati ya digrii na diploma ipi inanifikisha kwenye hiyo sahihi? Inachukua miaka mingapi kweli, siyo ile ya kwenye kipeperushi? Halafu navaa miwani tangu kidato cha pili, na mimi ni msichana wa kilo 49. Mwenye kujua aniambie bila kunionea huruma.

MwalimuFizikiaMoro

Hongera kwa matokeo binti. Nafundisha sekondari mwaka wa 12 sasa na nakuambia kwa moyo wa mzazi: usiingie fani yenye mlango mwembamba. Ndege za nchi hii ni za kuhesabu, na kila moja ina watu wake tayari. Mwalimu wa fizikia na hesabu anatafutwa kila wilaya. Kaa na baba yako mzungumze tena, naye hakutakii mabaya.

FundiZamuYaUsiku

Marahaba mdogo wangu. Nimetoka kazini asubuhi hii, nimekunywa chai nikasema nilale, nikaona swali lako. Nina leseni ya fremu, yaani mwili wa ndege, na injini. Huu ni mwaka wa 17 tangu nikanyage karakana ya ndege, nilianzia ndege ndogo za watalii Arusha na sasa niko Dar kwenye ndege za abiria. Nitaandika ndefu, univumilie.

Mjomba wako amesema kweli, ila ameishia nusu. Cheti cha chuo na leseni ni vitu viwili. Chuo kinathibitisha kwamba umesoma. Leseni unapewa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga, TCAA, baada ya kuthibitisha kwamba umesoma, umefanya kazi kwa mikono yako kwa muda unaotakiwa, na umefaulu mitihani yao. Juu ya leseni kuna kibali cha aina ya ndege, sisi tunaita taipu. Na ukishapata taipu, bado kampuni yako inakupa idhini ya kusaini kwa niaba yake. Ndege ikishafanyiwa kazi hairuki mpaka mwenye idhini hiyo aandike kilichofanyika kwenye kitabu cha ndege, aweke sahihi, tarehe na namba yake. Rubani akipanda, anakisoma kitabu hicho kabla hajawasha chochote. Hajakuona, hakujui, ameona sahihi yako tu, na nyuma yake wanapanda watu na watoto wao.

Huyo kijana wa Kariakoo huenda ana cheti halali kabisa ila aliishia hapo. Wapo wengi, na siwalaumu, maana hakuna aliyewaambia mapema ninayokuambia sasa.

Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, limeweka kiwango cha chini kwa nchi wanachama: uwe na miaka 18 au zaidi, na uwe na uzoefu wa miaka 4 wa kukagua na kutengeneza ndege, au miaka 2 kama umesoma kozi iliyoidhinishwa. Shika hilo neno "iliyoidhinishwa". Kabla hujalipa hata shilingi ya fomu, muulize mtu wa udahili: kozi hii, kwa jina lake hilihili, imeidhinishwa na TCAA kuwa mafunzo ya mafundi wa ndege? Karatasi ya idhini iko wapi, na inaisha lini? Usione haya kuuliza. Mzazi anauza mbuzi kwa ajili ya ada, ana haki ya kuiona karatasi. Kisha omba kuonyeshwa karakana ya mafunzo. Tazama kama kuna injini ambayo mwanafunzi anaruhusiwa kuifungua, au zipo za kupigia picha.

Hapa nyumbani watu wengi huanzia Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, NIT, pale Mabibo, Dar, ambako kuna diploma na digrii ya matengenezo ya ndege. Kwa majirani kuna chuo cha Soroti, Uganda, kilichoanzishwa mwaka 1971 enzi za Jumuiya ya Afrika Mashariki ya zamani, na Addis Ababa kuna chuo cha Ethiopian Airlines. Swali la idhini uliulize huko kote vilevile.

Digrii au diploma? Kwenye kusaini njia ni ileile, mtihani wa leseni haukuulizi una digrii. Digrii inakufungulia na ofisi: kupanga matengenezo, kitengo cha ubora, kufuatilia vifaa vinavyoharibika mara kwa mara na kutafuta chanzo. Kwa mtu anayesema anataka kufungua na kufunga, mimi ningechukua diploma iliyoidhinishwa, niingie karakana mapema, digrii niifuate nikiwa na mshahara. Huo ni mtazamo wangu na najua kuna wenzangu watabisha.

Mwalimu hapo juu ana hoja na siipuuzi, mlango ni mwembamba. Ila ndege ni nyingi kuliko zinavyoonekana. Mwaka 2016 shirika letu la ndege, ATCL, lilianza kupokea ndege mpya za propela aina ya Q400. Mwaka 2018 zikaja Boeing 787-8 na Airbus A220-300, mwaka 2023 zikaja Boeing 767 ya mizigo na 737 MAX 9. Kila aina hapo inataka watu wa taipu yake, fundi wa Q400 hawezi kuvuka tu akasaini A220. Kampuni ya Precision Air wana ndege zao aina ya ATR. Halafu kuna zile ambazo watu hawazihesabu, Cessna Caravan zinazopeleka watalii Seronera, na zile zinazokwenda Unguja na Mafia tangu alfajiri mpaka jioni. Mimi nimelelewa na hizo.

Caravan ina injini moja ya PT6, na ukiiona mara ya kwanza utadhani imefungwa kinyume: hewa inaingilia nyuma, moshi unatokea mbele karibu na propela. Kwenye ile ya PT6A-114A, ukaguzi wa sehemu ya moto unaizungukia saa 1,800 za kuruka, na ikifika saa 3,600 injini inashushwa kwenda ovaholi, yaani kufunguliwa yote na kufanywa upya. Zinazoruka visiwani adui wao ni chumvi. Jioni ndege ikirudi tunazungusha injini bila kuiwasha huku tunaimwagia maji safi, chumvi isilale kwenye mapanga ya kompresa. Zinazokwenda mbugani adui wao ni kokoto. Kila asubuhi unapitisha kidole ukingoni mwa propela ukitafuta palipomeguka. Ukipapata unapima kina, unafungua kitabu kuona kama panaruhusiwa kulainishwa kwa tupa au propela ishuke. Nilikaa mwaka mzima na tupa ile kabla ya mtu kuniachia kitu kikubwa zaidi, na sijutii.

Sasa nije kwenye lile lililoniumiza.

Nilipotoka chuo nilipata nafasi kwenye karakana moja ndogo, sitaitaja. Nilifanya kazi pale miezi 14. Nilibadilisha breki, matairi, mafuta, nilishiriki ukaguzi wa saa 100 mara nyingi mpaka nikaacha kuhesabu. Wote tulikuwa chini ya mhandisi mmoja mwenye leseni, mzee mpole asiyekataa kumfundisha mtu. Logibuku yangu, kile kitabu cha kuandikia kila kazi uliyofanya, nilikiweka kabatini. Nikajisemea nitaandika mwisho wa mwezi. Mwezi ukaisha na mwingine ukaja. Mzee akamaliza mkataba akarudi kwao, karakana ikachukuliwa na wenyewe wapya, na hakuna aliyekubali kusaini kazi ambazo hakuziona zikifanyika. Nikaomba nitafutiwe zile karatasi za kazi zilizohifadhiwa. Nikaambiwa njoo Jumatatu. Nilikwenda Jumatatu sita.

Siku nilipokusanya maombi yangu ya leseni, ile miezi 14 haikuhesabiwa hata siku moja. Hawakusema mimi ni mwongo, ila sikuwa na kitu cha kuwaonyesha. Nilipanda daladala ya Gongo la Mboto, nikakaa kiti cha nyuma, nikalia mtu mzima.

Kwa hiyo nakuomba kama dada yangu: logibuku inaanza siku ya kwanza ya mafunzo kwa vitendo. Unaandika tarehe, usajili wa ndege (za Tanzania zinaanza na 5H), aina yake, kazi uliyofanya, sura ya kitabu uliyoifuata, na unapata sahihi ya aliyekusimamia pamoja na namba yake ya leseni. Vitabu vya matengenezo vya ndege za abiria vimepangwa kwa namba za sura zilezile dunia nzima: 24 ni umeme, 27 mifumo ya kuongozea ndege, 28 mafuta, 29 haidroliki, 32 miguu na magurudumu, 61 propela. Ukiandika "32, breki ya kushoto", fundi wa nchi yoyote anajua ulikuwa wapi. Pata sahihi siku hiyohiyo, kabla msimamizi wako hajanawa mikono. Atakuona msumbufu. Msumbue.

Miaka mingapi kweli? Hesabu ya chuo, uongeze miaka 2 ya karakana kama kozi imeidhinishwa, uongeze mitihani, uongeze taipu, na katikati hapo kuna kusubiri nafasi. Mimi ilinichukua miaka 8 tangu kuingia chuo hadi sahihi yangu ya kwanza, na humo imo ile miezi 14. Sahihi hiyo ilikuwa ya gurudumu la pua la Caravan, kazi ya muda mfupi sana. Nilisoma ukurasa mara tatu, nikaenda kuligusa tena, nikarudi kuusoma. Ndege iliporuka nilisimama pale mpaka nikaambiwa kwa redio kwamba imetua salama. Miaka hiyo mshahara ni mdogo. Tulikaa watatu chumba kimoja Kipawa ili tusilipe nauli, na usiku ndege zilikuwa zinapita juu ya bati.

Miwani. Vaa, na uwe na ya akiba. Juni 10, 1990 ndege ya British Airways aina ya BAC One-Eleven iliondoka Birmingham kwenda Malaga. Ilipofika kama futi 17,300 kioo cha mbele upande wa rubani kikang'oka, rubani akavutwa nje nusu mwili, wenzake wakamshika miguu mpaka msaidizi wake akatua. Alipona. Kioo kile kilikuwa kimebadilishwa usiku wa kuamkia siku moja kabla, na kati ya bolti 90 zilizotumika 84 zilikuwa nyembamba kuliko zinazotakiwa, tofauti haifiki hata milimita moja. Aliyezifunga alikuwa msimamizi wa zamu, mzoefu, watu walikuwa pungufu, akazilinganisha na za zamani kwa macho badala ya kufuata namba ya kitabuni. Alikuwa na miwani ya kusomea na hakuivaa. Kila kijana anayeletwa kwenye zamu yangu namsimulia habari hiyo wiki ya kwanza, kisha namwambia anitajie namba ya bolti aliyoishika bila kunitazama usoni.

Kuhusu usichana nawaachia dada zetu walioko kazini wakujibu wenyewe.

HangariWilson

Habari dada. Mimi niko Nairobi, uwanja wa Wilson, upande wa avioniki: umeme, redio na vifaa vya kuongozea ndege. Niliingia hangari nikiwa msichana pekee, na miezi ya kwanza walikuwa wananituma kuleta chai. Nilikuwa naleta, halafu narudi na kitabu cha sura 24 mkononi nauliza hii waya inaelekea wapi. Walichoka kunituma.

Kilo 49 zisikutishe. Gurudumu la ndege halibebwi kwa mgongo, kuna jeki na kuna vitoroli. Kwa avioniki mikono midogo ni faida. Nyuma ya dashibodi ya ndege kuna plagi ambazo wanaume wa hapa wanalazimika kutoa vifaa vitatu ndio wazifikie, mimi naingiza mkono tu. Ila nywele uzifunge, na pete uache nyumbani. Pete ikigusa nguzo ya betri na chuma kwa wakati mmoja utapoteza kidole, hilo nakuambia kama dada mkubwa.

Kuhusu logibuku kaka amesema ukweli mtupu. Naongeza moja: usifikiri leseni ya nchi moja inavuka mpaka yenyewe. Jumuiya ya Afrika Mashariki ina shirika lake la usalama wa anga, CASSOA, liko Entebbe, na wamejitahidi kanuni zetu zifanane. Hata hivyo ukihamia huku bado utapitia kwa KCAA, mamlaka ya anga ya Kenya, itambuliwe. Wataangalia mitihani yako na ile kazi uliyoandika. Kwa hivyo andika vizuri, kwa herufi zinazosomeka. Nimeona kijana akirudishwa kwa sababu namba ya leseni ya msimamizi wake haikusomeka, na msimamizi alikuwa amefariki.

MpembaMuscat

Asalaam aleykum nyote. Mie niko Oman, kazi zangu ni za ndege kubwa, na kuna mahali natafautiana na kaka wa zamu ya usiku.

Kaka anakupeleka kwenye ndege ndogo kwanza. Ni madrasa nzuri, sikatai, mtoto anajifunza kutumia macho na mikono. Lakini ukiwa na nia ya kuja huku Ghuba ama Ulaya siku moja, hawa watakuuliza leseni yenye muundo wa Part-66 wa Ulaya ama unaofanana nao, na taipu ya ndege kubwa yenye kazi ya karibuni. Kanuni za matengenezo za Ulaya zataka mwenye kusaini awe na angalau miezi 6 ya kazi halisi ndani ya kila miaka 2. Ukakaa miaka kumi kwenye Caravan, Caravan ndiyo itakayokujua. Kwa hiyo, mwanangu, ukishapata misingi usikae sana.

Leseni hiyo imegawika. B1.1 ni ya ndege za injini za tabaini (zinazozungushwa kwa gesi ya moto), fremu na injini pamoja. B2 ni avioniki. A ni ya kazi ndogo ndogo za uwanjani, C ni ya kuachia ndege iliyotoka kwenye matengenezo makubwa. Kozi kamili iliyoidhinishwa ya B1.1 ni saa 2,400, na ukiisoma hiyo wahitaji miaka 2 ya kazi. Usipoisoma, na huna ufundi mwengine unaotambulika, ni miaka 5. Mitihani ni ya moduli, hesabu, fizikia, umeme, vifaa, tabia za kibinaadamu, sheria na kuendelea, na alama ya kufaulu ni asilimia 75. Ya 74 imeanguka. Una miaka 10 ya kuzikamilisha zote. Mie moduli ya 11 ilinikalisha chini mara mbili, hiyo ni fremu na mifumo yote ya ndege na maswali yake ni mengi mno. Ilinibidi nichore kila mfumo kwa mkono wangu, haidroliki kwa rangi nyekundu, mafuta kwa buluu, nikabandika ukutani mpaka wenzangu wa chumba wakajua bomba lipi laenda wapi.

Na kama hutaki kushika moja tu, fikiria na B2 pia. 787 karibu nusu ya uzito wake ni kompoziti, yaani nyuzi zilizogandishwa kwa gundi badala ya chuma, na shughuli ambazo ndege za zamani zilifanya kwa hewa ya moto kutoka kwenye injini, hii yafanya kwa umeme. Fundi wa kesho asiyejua umeme atamngojea mwenzake.

Taipu ni ghali, usijaribu kujilipia ukiwa huna ajira. Kampuni yaweza kukulipia ikakufunga kwa mkataba wa miaka kadhaa. Usome huo mkataba, uulize ukiondoka mapema wadaiwa nini, na upate nakala yako.

FundiZamuYaUsiku

Mpemba, nimekuelewa na sehemu kubwa nakubali. Nilichoogopa ni kijana kuingia moja kwa moja kampuni kubwa, akawekwa miaka miwili kusukuma ngazi na kuosha sakafu ya hanga, na logibuku imejaa kubadilisha viti. Kwenye karakana ndogo siku moja unashika breki, propela na betri. Basi tukubaliane hivi: aende atakakoshika kazi nyingi za aina tofauti, na akiona zimekuwa zilezile kila wiki, ajue muda wa kuhama umefika. Ahame na logibuku yake kwapani.

BintiKorogwe

Ndugu zangu sijui niwashukuruje. Nimemsomea baba yote jana jioni, neno kwa neno, na nilipofika kwenye zile bolti 84 aliniambia nirudie. Baadaye akaniambia kitu, nami nakileta kama kilivyo: yeye bolti ya kichwa cha injini anaisikia kwa mkono ikifika, hana haja ya namba, na magari yake yanafika Moshi. Anauliza, je, kwenye ndege mkono wa fundi hauna kazi?

Pia ameuliza vifaa. Anataka kuuza ile jeki yake kubwa ili ninunuliwe seti ya spana. Mimi sitaki aiuze.

FundiZamuYaUsiku

Mwambie mzee shikamoo yangu, na mwambie swali lake ni la fundi wa kweli.

Mkono una kazi kubwa. Mkono ndio unaokuambia uzi wa bolti umeanza kuharibika kabla jicho halijaona, na usipohisi hivyo utalazimisha na utavunja. Ila mwisho wa kukaza tunatumia spana ya toki, ile inayopima nguvu, kwa namba iliyoandikwa kwenye kitabu, na spana yenyewe inapelekwa kupimwa kila baada ya muda na kubandikwa tarehe. Sababu yake naamini ataielewa. Lori lake akilifunga yeye, atalifungua yeye. Ndege nikiifunga mimi leo usiku, kesho itafunguliwa na mtu wa Johannesburg au Dubai ambaye mkono wake ni tofauti na wangu. Kinachotuunganisha ni ile namba. Halafu bolti nyingi za ndege ni nyepesi na zinafungwa kwenye alumini. Mkono uliozoea Scania utazikata. Mimi mwenyewe nilikata mbili mwezi wa kwanza.

Asiuze jeki. Ukiwa mwanafunzi vifaa ni vya chuo, na karakana nyingi zina vifaa vyao vilivyosajiliwa kwa namba, vinahesabiwa kabla ya kazi na baada ya kazi. Soketi moja ikikosekana ndege haiondoki mpaka ionekane. Nunua tochi nzuri ya kichwani, daftari gumu la kurasa nyingi, na kalamu nyeusi zisizofutika. Basi.

Nina kazi moja ya kukupa wakati unasubiri majibu ya chuo. Wiki hii, kila gari ambalo baba analifungua, liandike. Tarehe, namba ya gari, kilichofanyika, bolti zilikuwa ngapi na zimerudi ngapi, na mwisho mzee asaini. Haitahesabiwa popote, na usimwonyeshe mtu wa leseni. Nataka tu mkono wako uzoee kuandika kabla ya kunawa.

BintiKorogwe

Nimetuma maombi, diploma nimeiweka ya kwanza na digrii ya pili. Namba ya ofisi ya udahili ninayo, Jumatatu nawapigia kuulizia karatasi ya idhini.

Na leo tumeanza. Fuso ya mchanga, gurudumu la nyuma kushoto, kubadilisha laini za breki. Nati za gurudumu 6 zimetoka, 6 zimerudi. Springi moja ilikuwa imechoka, baba akasema inafaa bado. Nikamuuliza niandike "inafaa bado"? Akaitazama tena chini ya tochi, akamtuma kijana dukani alete mpya. Nimeandika mpya. Amesaini kwa majina yake yote matatu, na mkono wake ulikuwa na grisi, kwa hiyo ukurasa wa kwanza una dole gumba lake pembeni.